Tsavo ni Jirani: Jinsi ya Kupanga Ziara Isiyodhuru Wanyama wala Wakazi

Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 17,000, na asilimia 62 hivi ya ardhi hiyo imo ndani ya Mbuga za Kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mkazi wa Voi, Mwatate, Maungu au Taveta ni jirani wa ndovu wengi kuliko wale wanaopatikana mahali pengine popote nchini. Hata hivyo, wapo watu wazima waliozaliwa kilomita chache kutoka lango la Voi ambao hawajawahi kulivuka. Ndovu wanamjua kwa mahindi yaliyokanyagwa usiku, kwa tangi la maji lililovunjwa, na kwa watoto wanaocheleweshwa kwenda shule hadi jua litoke.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Vyama vya akina mama, makundi ya vijana, makanisa, misikiti na shule wanachanga pesa ili kuingia mbugani kwa siku moja au mbili, hasa wakati wa likizo. Ni jambo jema, lakini ziara nyingi hupangwa kwa haraka. Gari hufika langoni saa nne jua likiwa limepanda, mweka hazina ana pesa taslimu zisizopokelewa, watoto wamebeba soda za chupa za plastiki, na dereva hajawahi kusimama mbele ya ndovu mwenye ndama. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga ziara hiyo vizuri, kwa kutumia Tsavo kama mfano, na sababu za kila kanuni. Kwa mkazi wa kaunti hii sababu hizo ni muhimu kuliko kanuni zenyewe, kwa kuwa mtalii wa kutoka mbali hurudi kwao ilhali mkazi hubaki na ndovu yuleyule.

Mnyama hajui mpaka

Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1948, kisha ikagawanywa mara mbili kwa ajili ya usimamizi. Barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa na reli ndizo zinazotenganisha pande hizo mbili. Mgawanyo huo ni wa watu. Ndovu huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, hupita katika ranchi, huteremka hadi Mkomazi nchini Tanzania na kurudi. Mnyama aliyeonekana Aruba leo anaweza kuwa karibu na shamba la mtu Sagalla wiki ijayo.

Kwa sababu hiyo, jinsi mgeni anavyomtendea mnyama ndani ya mbuga haiishii ndani ya mbuga. Mfano rahisi ni nyani. Mtoto akimrushia nyani ndizi kupitia dirisha la gari, nyani hujifunza kwamba gari ni chakula, na baada ya muda mfupi hujifunza kwamba mtu ni chakula, mfuko ni chakula, na jikoni ni ghala. Nyani na tumbili waliozoea kulishwa huacha kumwogopa binadamu. Huwapora wageni, na wakikosa huenda kwa majirani. Mama anayeanika mahindi karibu na mpaka wa mbuga hakumlisha nyani hata siku moja, lakini ndiye anayelipa.

Ndovu naye hujifunza. Utafiti uliofanywa Amboseli na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndovu hutofautisha sauti za watu. Waliposikia sauti zilizorekodiwa za wanaume wa jamii ambayo mara nyingine hupambana nao kwa mikuki, walikusanyika pamoja na kurudi nyuma. Waliposikia sauti za wanaume wa jamii nyingine, au za wanawake na watoto, hawakushtuka kwa kiwango hicho. Mnyama mwenye uwezo huo hashindwi kukumbuka gari lililompigia honi au vijana waliompigia kelele. Anayemchokoza ndovu kwa ajili ya video ya sekunde kumi huenda amemwachia hasira zake mtu anayetembea kwa miguu.

Kuchagua majira

Miezi mizuri zaidi ya kuwaona wanyama ni ya kiangazi: Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Oktoba. Wakati huo nyasi ni fupi, miti imepukutisha majani, na wanyama hukusanyika penye maji. Mto Galana, bwawa la Aruba na visima vilivyochimbwa mbugani huwa kama soko la Jumatano. Mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, hugeuza baadhi ya barabara kuwa tope jeusi ambalo gari dogo haliwezi kulipita, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali.

Lakini kiangazi kina upande wake wa pili, na hapa ndipo mgeni mwenye busara hutofautiana na mgeni wa kawaida. Mnyama wa kiangazi amechoka. Ndovu mkubwa huweza kunywa lita 200 za maji kwa siku, na wakati wa ukame hutembea mbali kuyafuata. Katika ukame wa mwaka 2022, ripoti ya Wizara ya Utalii ilionyesha kuwa ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Wazee wa Voi wanakumbuka ukame wa 1970 na 1971, ambao uliua maelfu ya ndovu katika Tsavo pekee. Kundi lililofika majini baada ya mwendo wa usiku kucha likikuta magari yameziba njia, husubiri au hugeuka, na wanaoumia kwanza ni ndama. Gari lisimame kando, mbali na njia ya wanyama kwenda majini, hata kama picha itakuwa ndogo.

Anayependa ndege aende mwishoni mwa mwaka. Ngulia, katika Tsavo Magharibi, inajulikana duniani kwa ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia, ambao katika usiku wa ukungu huvutwa na taa za hoteli. Tangu mwaka 1969 wataalamu huwakamata hapo, huwavika pete ndogo mguuni na kuwaachilia ili safari zao zifuatiliwe.

Mashariki au Magharibi

Kosa la kawaida ni kutaka kuona vyote kwa siku moja. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ni mbuga mbili, na kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kila moja ina malango yake na tiketi yake. Kikundi chenye siku moja kichague upande mmoja.

Upande wa Mashariki ni tambarare, na macho hufika mbali. Humo ndimo wanamoonekana kwa urahisi ndovu wekundu, ambao wekundu wao ni vumbi la udongo wa Tsavo wanalojirushia ili kujikinga na jua na wadudu. Wapo pia nyati, punda milia, twiga, choroa, na swala twiga mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili ili afikie majani. Mwenye bahati atamwona hirola, swala adimu sana ambaye makao yake ya asili ni upande wa mto Tana na Garissa, na aliyeletwa Tsavo mara ya kwanza mwaka 1963 ili asitoweke. Simba wapo, na madume wengi hawana manyoya mengi shingoni, hivyo watoto wasidhani kila simba wanayemwona ni jike. Mwamba wa Mudanda, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, una bwawa chini yake ambako wanyama huja kunywa wakati wa kiangazi.

Upande wa Magharibi ni wa milima, mawe ya volkano na chemchemi. Mzima ndiyo maarufu zaidi. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu hupenya katika mawe, husafiri chini ya ardhi na kutokea Mzima ikiwa safi kama kioo. Viboko na mamba wamo, na kuna chumba kilichojengwa chini ya maji ambamo mgeni hutazama samaki kupitia kioo. Sehemu ya maji hayo hupelekwa Mombasa kwa bomba, jambo ambalo wakazi wanaobeba mitungi kando ya bomba hilo wamelizungumzia kwa miaka mingi. Shetani, lile jiwe jeusi lililomwagika kutoka ardhini karne chache zilizopita, lipo upande huohuo, na pia hifadhi ya vifaru ya Ngulia. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400, kwa sababu ya ujangili. Ngulia ilizungushiwa ua ili wachache waliosalia Tsavo walindwe na kuzaana. Anayetaka kuwaona aulize langoni saa za kuingia hifadhini kabla ya kupanga siku yake, maana eneo hilo halikai wazi siku nzima.

Malipo na vitambulisho

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS, halipokei pesa taslimu malangoni. Malipo hufanywa kupitia mfumo wa eCitizen, kwa M-Pesa au kadi. Mweka hazina wa kikundi afungue akaunti na kulipa siku moja kabla, akiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha achapishe risiti au aihifadhi kwenye simu. Viwango hubadilika, kwa hiyo kikundi kisikadirie kwa kutumia tiketi ya mwaka juzi. Viangaliwe kwenye mfumo huo wiki ambayo pesa zinachangwa.

Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, lakini lazima athibitishe kwamba ni raia. Kila mtu mzima abebe kitambulisho halisi. Watoto wana kiwango chao. Gari nalo hulipiwa kulingana na idadi ya viti, na vikundi vingi husahau hilo hadi wanapofika langoni. Shule zinazotaka ziara ya masomo ziandike barua mapema kwa ofisi ya mbuga, zikitaja idadi ya wanafunzi, walimu na tarehe.

Tiketi ni ya kuingia mara moja. Kikundi kikitoka saa saba kwenda kula Voi mjini, hakiwezi kurudi ndani bila kulipa upya. Chakula kibebwe.

Gari na dereva

Wakazi wengi hukodi matatu ya abiria 14. Katika kiangazi matatu yenye magurudumu mazuri hupita katika barabara kuu za Tsavo Mashariki, lakini tumbo lake liko chini na madirisha yake hayafunguki vya kutosha. Gari lenye paa linalofunguka ni ghali zaidi, ila abiria wote huona bila kulaliana upande mmoja. Kikundi cha watu 12 kikigawana gharama, tofauti huwa ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Dereva ni muhimu kuliko gari. Aulizwe waziwazi: umewahi kuendesha mbugani? Utafanya nini ndovu akisimama barabarani? Akijibu kwamba atapiga honi, atafutwe mwingine. Kaunti ina vijana waliosomea kazi ya kuongoza watalii na wenye leseni, na wengi wao hukaa bila kazi nje ya msimu. Mwongozaji mmoja anayejua kusoma nyayo na kutaja ndege kwa majina atawafaa watoto kuliko simu kumi.

Tangi lijazwe Voi au Mtito Andei, kwa kuwa kikundi hakipaswi kutegemea kupata mafuta ndani. Gurudumu la akiba likaguliwe kwa mkono, si kwa maneno, pamoja na jeki na spana. Simu hukosa mtandao sehemu nyingi, hivyo mtu mmoja nyumbani aachiwe jina la lango la kuingilia, la kutokea, na saa ya kutarajiwa.

Siku yenyewe

Chukua mfano wa chama cha akina mama wa Mwatate wanaokwenda Tsavo Mashariki. Wakitoka saa kumi na moja alfajiri, watakuwa lango la Voi linapofunguliwa saa kumi na mbili. Saa tatu za kwanza ndizo bora zaidi katika siku nzima. Simba na fisi bado wanatembea, ndovu wanatoka majini, na hewa ni baridi. Barabara ya kando ya mto Voi kupitia Kanderi kuelekea Aruba ni takriban kilomita 30, na haifai kukimbiwa. Kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa mbugani ni kilomita 40 kwa saa. Kwenye kasi hiyo dereva humwona kobe, digidigi au mtoto wa ngiri kabla hajawa chini ya gurudumu.

Kufikia saa nne na nusu jua huwa kali na wanyama huingia vivulini. Huo ndio wakati wa kula, mahali palipotengwa tu. Kimanga, chapati, viazi vitamu na chai ya chupa huliwa bila kuacha takataka nyingi. Alasiri, kuanzia saa tisa, gari lielekee Mudanda na kutokea lango la Manyani. Wote wawe wametoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Asiyelala ndani hana ruhusa ya kuwa barabarani mbugani usiku, na dereva anayekumbuka hilo saa kumi na moja na nusu akiwa mbali ndiye anayekimbia na kugonga wanyama.

Mavazi hayahitaji mengi: kofia, sweta ya asubuhi, viatu vilivyofungwa. Nguo za buluu iliyokolea na nyeusi huvuta mbung'o, hasa upande wa Magharibi.

Mbele ya ndovu

Hapa ndipo mkazi anaweza kujifunza jambo litakalomsaidia hadi shambani.

Ndani ya mbuga gari likae umbali usiopungua mita 20 kutoka kwa mnyama, na kwa ndovu mwenye ndama uongezwe. Mtu asishuke isipokuwa penye alama inayoruhusu. Asisimame nje ya dirisha, asipige mluzi, na redio izimwe. Gari lisitoke barabarani hata kama simba yuko mita chache ndani ya nyasi. Magurudumu ya gari moja huacha njia, gari la pili huifuata, mvua ikija njia hugeuka korongo, na nyasi hazioti tena.

Ndovu akiwa ametulia hula, mkia unapepea taratibu na masikio yanacheza ili kujipoza. Akiacha kula ghafla, akainua kichwa, akayatanua masikio na kumtazama mtu uso kwa uso, anauliza swali. Akitikisa kichwa kwa nguvu, akirusha vumbi au kubembeza mguu mmoja wa mbele, anaonya. Dereva asipige honi wala kukanyaga mafuta kwa kelele. Arudi nyuma polepole, akimwachia njia. Gari lisiingie kamwe kati ya mama na ndama wake, wala kati ya sehemu mbili za kundi linalovuka barabara. Wa mwisho kuvuka mara nyingi hayuko peke yake, kwa hiyo subira ya dakika tano zaidi haimpunguzii mtu kitu.

Dume aliye katika kipindi cha kutafuta majike ni wa kuepukwa kabisa. Hutambulika kwa majimaji meusi yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo unaomdondoka anapotembea. Ndovu huyo haonyi sana.

Dalili hizi ni zilezile Sagalla, Kasigau, Bura au Maktau. Mtoto aliyeziona mara moja akiwa salama ndani ya gari, huku mwongozaji akimweleza, atazitambua asubuhi akienda shule. Kumrushia ndovu mawe au kumzunguka kwa kelele akiwa mchana katikati ya watu ndiko kunakosababisha vifo vingi visivyo vya lazima. Watu warudi nyuma, njia iachwe wazi, na KWS waitwe.

Kikundi chenye muda kinaweza pia kuona jinsi wakulima wa Sagalla ya Chini wanavyotumia mizinga ya nyuki kuzuia ndovu, katika mradi ulioanzishwa na shirika la Save the Elephants. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia, kwani huwaogopa sana. Ua huo hauzuii kila ndovu, hasa ukame unapowafukuza nyuki, lakini mkulima hubaki na asali ya kuuza. Ni somo zuri zaidi kwa mkulima kuliko kumwona simba amelala.

Takataka na mifupa

Plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na maeneo yote yaliyohifadhiwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Hii ina maana chupa za maji na soda za plastiki, mirija, sahani, vikombe na vijiko vya plastiki. Askari hukagua magari langoni, na kikundi kilichonunua katoni mbili za maji huziacha hapo. Maji yabebwe katika mitungi mikubwa, na kila mtu awe na chupa yake ya kujazwa tena. Pampasi zilizotumika zirudi nyumbani pamoja na mtoto.

Hakuna kinachochukuliwa. Unyoya, pembe, mfupa, ganda la kobe, hata kinyesi cha ndovu ambacho wengine hukitafuta kwa dawa, vyote hubaki. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hailegezi adhabu kwa kuwa aliyekutwa na pembe aliiokota. Moto usiwashwe isipokuwa kambini panaporuhusiwa, na kipisi cha sigara kisitupwe dirishani. Nyasi za Tsavo za mwezi wa Septemba hazihitaji zaidi ya hicho.

Pesa zibaki nyumbani

Mjadala wa mgao wa mapato ya Tsavo kati ya kaunti na serikali ya kitaifa ni wa muda mrefu na hauhitaji kurudiwa hapa. Lakini ada ya langoni ni sehemu moja tu ya gharama ya ziara. Gari, mafuta, mwongozaji, chakula na malazi ni maamuzi ya kikundi chenyewe. Mboga na matunda ya Wundanyi yanapatikana sokoni, na vikapu vya mkonge vya Kasigau hushonwa na wanawake ambao ndovu hupita katika mashamba yao. Anayetaka kulala aulizie pia hifadhi za jamii kama LUMO, karibu na Maktau, ambako wenyeji wametenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama na hutegemea wageni ili uamuzi huo usiwe hasara.

Jambo hili lina uzito. Mwenye ranchi asiyepata chochote kutokana na wanyama ana sababu ya kuuza ardhi au kuizungushia ua, na kila ua unaofunga njia ya ndovu humsukuma kwenye shamba la mtu mwingine.

Kurudi nyumbani

Ziara haiishi langoni. Barabara ya Voi kwenda Mwatate hadi Taveta, na ile kuu ya Mombasa, hupita katikati ya makazi ya wanyama, na jioni ndiyo saa yao ya kuvuka. Abiria wamechoka, watoto wamelala, dereva anataka kufika. Upande wa Maktau ndovu mmoja mweusi gizani haonekani hadi taa zimfikie, na huwa amechelewa kuonekana ikiwa gari liko kasi ya 100. Dereva apunguze mwendo, na akiona jozi moja ya macho kando ya barabara ajue kuna nyingine.

Mkazi atakayekuta nyumbani kwamba mnyama amejeruhi mtu au kuharibu mali afike haraka katika kituo cha KWS kilicho karibu, akiwa na picha zilizopigwa kabla nyayo hazijafutika na mashahidi wa mtaa. Kwa mujibu wa sheria ya 2013, fidia ni shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, na dai lililoandikishwa siku hiyohiyo lina nguvu kuliko lile lililoandikwa baada ya mwezi, mvua ikiwa imenyesha.